Joto la Kaskazi: Lipi la Msimu, Lipi la Nyongeza?

Kila ifikapo Machi, wakazi wa Malindi na Lamu hutuuliza: joto hili ni la msimu tu, au ndiyo hayo mabadiliko ya tabianchi? Ni vyote viwili.

Machi ina joto lake la asili. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, imelegea; kusi, upepo wa kutoka kusini, haijaingia; na katikati ya mwezi jua la adhuhuri hupita utosini hasa. Fukuto hilo wazee wetu walilijua. Kinachotutia wasiwasi ni nyongeza iliyopanda juu yake. Ni kama maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana: wimbi ni lile lile, ila linafika lisikokuwa likifika.

Chanzo cha nyongeza kinajulikana. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa kaboni dioksaidi. Leo zimepita 420, hasa kwa kuchomwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kaboni dioksaidi hiyo huzuia joto lisitoke duniani. Wapo wanaosema jua ndilo limezidi ukali. Lingekuwa jua, tabaka za juu za angahewa nazo zingepata joto. Vipimo vinaonyesha zinapoa.

Siku moja ya joto haithibitishi kitu. Sisi huangalia marudio. Mwaka 2021, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi lilieleza kuwa joto kali la nchi kavu lililokuja mara 1 kwa miaka 10 zamani, huja takriban mara 3 dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 tu. Tayari tumeipita nyuzi hiyo. El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida kila baada ya miaka kadhaa, huchangia, kweli, lakini siku hizi inaikuta bahari imeshapata joto. Wavuvi wa Malindi wanakumbuka El Niño ya mwaka 1998, matumbawe yalivyopauka na mengi kufa.

Pwani tuna tatizo letu: unyevu. Jasho halikauki, kwa hiyo nyuzi 32 hapa humchosha mtu kuliko nyuzi 32 za bara kukavu, na chumba cha mabati kisicho na dari huwa na joto kali mchana. Wazee, wajawazito na watoto wachanga wasiachwe humo mchana. Mtu aliye juani akianza kuweweseka au kuzirai, mtieni kivulini, mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na mumkimbize hospitali saa hiyo hiyo.