Ruzuku ya mbolea: nani hasa hulipwa?

Ruzuku ni sehemu ya gharama ya bidhaa ambayo serikali huibeba ili mnunuzi alipe kidogo au mzalishaji asipate hasara. Maelezo hayo yanatosha. Kinachohitaji subira ni namna neno hilo linavyotumika kila msimu wa upanzi katika kaunti za mahindi nchini Kenya kama Trans Nzoia, ambako utasikia kwamba wakulima "wamelipwa ruzuku" au, vibaya zaidi, kwamba "wamepewa mbolea ya bure", na mara nyingi msemaji ni mtu asiyewahi kupanga foleni katika bohari la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka na mazao, mjini Kitale.

Mkulima anayesemwa hivyo hakulipwa. Yeye ndiye aliyelipa. Mpango wa kitaifa ulipozinduliwa Septemba 2022, gunia la kilo 50 lililokuwa likiuzwa takriban shilingi 6,500 lilishushwa hadi 3,500, na Agosti 2023 likashuka tena hadi 2,500. Hizo 2,500 hutoka mfukoni mwake, pamoja na nauli ya kwenda mjini na ya bodaboda inayorudisha gunia nyumbani, ambazo hakuna ruzuku inayozigusa. Kinachomfikia kutoka serikalini, baada ya kuandikishwa pamoja na ukubwa wa shamba lake, ni ujumbe wa simu unaomtajia magunia anayoruhusiwa kununua. Ujumbe huo hauwezi kulipa karo, na asiye na fedha mkononi hubaki nao kwenye simu huku mvua ikinyesha.

Pengo lililobaki kati ya bei ya soko na ile anayotozwa mkulima hujazwa kwa fedha za Hazina, nazo huishia kwa walioleta mbolea. Ndiyo maana ni makosa pia kuuita mpango huu msaada kwa maskini: kwa kuwa mgawo hufuata ekari zilizoandikishwa, mwenye ekari ishirini hunufaika kuliko mwenye nusu ekari, hata pale ambapo hakuna aliyeiba chochote. Mpango umeundwa hivyo, na anayeona haufai aukosoe kwa muundo wake, si kwa kutafuta mwizi.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao nauona mkubwa zaidi. Mwaka 2024, ilipobainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa chini ya mpango huo hayakuwa mbolea halali, serikali iliahidi kuwalipa waliouziwa. Hiyo ni fidia, yaani deni la aliyekosa kwa aliyekosewa, na kuiita ruzuku ni kugeuza deni kuwa hisani. Bei ya mahindi nayo ina utata wake: NCPB iliponunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000 baada ya mavuno ya 2023, hiyo ilikuwa bei, na ruzuku ndani yake ni kile tu kilichozidi bei ya soko siku hiyo.

Nadhani picha ya mkulima anayepokea hundi imetoka Marekani, ambako malipo ya namna hiyo kweli yapo. Chini ya sheria ya kilimo ya 2014, mkulima aliyejiandikisha huweza kulipwa iwapo mapato ya zao fulani katika kaunti yake yatashuka chini ya kiwango kilichowekwa, na hesabu hufuata ekari za kumbukumbu za zamani, hata kama mwaka huo hakupanda zao hilo. Huko, kusema mkulima amelipwa ni sahihi kabisa.

Kwa Kitale, ingefaa tuseme kwamba mkulima amenunua mbolea kwa bei ya ruzuku. Anayetaka kujua ni nani aliyelipwa na aulizie waliopewa zabuni ya kuleta mbolea hiyo.