"Panado tu?" Ndiyo, na kwa saa zake

"Amepasuliwa tumbo, halafu mnampa panado?" Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na shangazi wa mzazi aliyejifungua kwa upasuaji katika wodi moja hapa Kigoma, pesa iko mkononi akanunue "sindano kali" famasi. Mimi ni mtaalamu wa usingizi na ganzi. Naomba nijibu kwa kirefu, maana imani hii inawatesa wagonjwa wangu.

Ukali wa dawa haupimwi kwa sindano wala kwa kabati linalofungwa kwa kufuli. Tafiti za maumivu baada ya upasuaji zinaonyesha kwamba ukiwapa watu 5 ibuprofeni ya miligramu 400, wawili hupata nafuu ya angalau nusu ambayo wasingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa kodeini ya miligramu 60 peke yake, ambayo ni jamii ya afyuni, lazima uwape watu 12 ndipo umpate mmoja. Sababu iko kidondani. Nyama iliyokatwa huvimba na kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazochokoza neva. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia kazi hiyo palepale. Morfini, nayo ya jamii ya afyuni, haigusi uvimbe. Hiyo hupunguza ujumbe wa maumivu kwenye uti wa mgongo na ubongo.

Sasa linaloniudhi. Parasetamol, yaani hiyo panado, kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Kila saa 6, si akianza kulia. Lakini fungua chati asubuhi: saa 12 jioni pametiwa sahihi, saa 6 usiku patupu. Mgonjwa alikuwa amelala, nesi akamhurumia. Alfajiri anaamka ameng'ang'ania mbao za kitanda, na ndugu wanasema panado imeshindwa. Haikushindwa, haikutolewa! Dozi ya usiku wa manane ndiyo inayoamua kama mama atainuka kumnyonyesha mwanawe asubuhi.

Diklofenaki ina masharti yake: tunamwangalia kwanza mwenye shida ya figo, mwenye vidonda vya tumbo, na aliyepoteza damu nyingi. Haizidi miligramu 150 kwa siku, kwa hiyo msichome ya famasi juu ya ile ya wodini.

Je, morfini tuiache? Hapana. Aliyefunguliwa tumbo zima au aliyeungwa mfupa wa paja anaihitaji siku ya kwanza au mbili, na kumnyima kwa hofu kwamba atakuwa teja ni ukatili. Nami huiweka juu ya parasetamol na diklofenaki, ili kiasi kidogo chake kitoshe. Ikizidi, utumbo unalala, na lile swali la daktari, "umeshatoa hewa?", linajibiwa "bado" siku nzima. Kuna kichefuchefu, muwasho, mkojo kukwama. Kubwa ni pumzi: zinapungua kimyakimya, na usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima ya kuhesabia pumzi. Pethidini, ndugu yake morfini, siipendi kabisa; mabaki yake hurundikana mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, na huweza kuleta degedege. Kodeini na tramadoli kwa anayenyonyesha, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha mwaka 2017: miili ya baadhi ya akina mama huzigeuza haraka mno kuwa kitu chenye nguvu zaidi, kikapita kwenye maziwa.

Kuna jambo vitabu vinalipita haraka. Tunafundishwa kumwuliza mgonjwa ataje maumivu yake kati ya 0 na 10, na namba hiyo siiamini sana. Mvuvi wa Kibirizi aliyetolewa ngiri atakwambia "mbili tu, daktari, naendelea vizuri", jasho likimtoka. Kujikaza ndiko alikolelewa. Kwa hiyo namwambia: baba, weka mkono kwenye mshono, vuta pumzi, kohoa. Akishindwa kukohoa, dawa haijatosha hata akitaja sifuri, na pumzi fupi hizo ndizo zinazomwandalia nimonia. Hapo ndipo ninapoagiza morfini, kidogokidogo kwenye mshipa, nikiwa nimesimama pembeni yake.