Simetri ya nakshi za kusuka sio kioo peke yake

Kila ikipita picha ya mkoba mzuri wa kusuka, mmoja ataandika "cheki simetri hiyo", mwingine anakuja kubisha kwamba hamna simetri hapo, kushoto hakufanani na kulia. Huyu wa pili ndo ananichosha zaidi maana anaongea kwa uhakika.

Kifupi, simetri au ulinganifu ni kitendo chochote unachoufanyia mchoro halafu ukabaki vilevile kama hujaugusa. Kuakisi kama kwenye kioo ni kitendo kimoja tu. Basi.

Chukua sipatsi, ile mikoba ya Watonga wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji, ina nakshi za mkanda zinazouzunguka mkoba. Mkanda wa hivyo unaweza kuusogeza hatua moja mbele ukajikuta uko palepale, unaweza kuuzungusha nusu duara kichwa chini miguu juu, unaweza kuuakisi, au unausogeza nusu hatua huku unaugeuza juu chini, kama nyayo za mtu aliyepita kwenye mchanga mbichi, kushoto kulia kushoto kulia. Ukichanganya vitendo hivi unapata aina 7 za mikanda, hakuna ya 8, na sio kwamba wasukaji wameishiwa ubunifu, ni jiometri yenyewe inabana: ukishaweka kioo cha wima na mzunguko wa nusu duara pamoja, kioo cha mlalo au zile nyayo zinakuja zenyewe hata kama hukuzitaka. Paulus Gerdes, mwanahisabati Mholanzi aliyehamia Msumbiji 1976 akakaa huko mpaka alipofariki 2014, alizichambua sipatsi akazikuta aina zote 7 zimo.

Na hesabu haiishii kwenye macho. Nakshi ikijirudia kila baada ya chane 6 (chane ni vile vipande vyembamba vya kusukia), chane 120 zinakubali, 124 hazikubali, ukifika mwisho wa mzunguko zinabaki 4 na nakshi haikutani na mwanzo wake. Msukaji anapanga hayo kabla hajaanza, kwa hiyo wale wa "wanabahatisha tu kwa mkono" nao waache.

Turudi kwa mbishi wetu. Kwenye ususi wa kuruka chane, yaani chane moja inapita juu ya kadhaa halafu chini ya kadhaa, kila mstari ukihama chane moja pembeni nakshi inalala mshazari yenyewe, kwa hiyo maumbo yaliyoinama ni ya kawaida sana, na hayo kweli hayana kioo. Ila andika SSSSS kwenye karatasi, igeuze kichwa chini, usome tena. Ni SSSSS ileile. Hiyo nayo ni simetri kamili, haina upungufu wowote mbele ya ile ya kioo.

Kwa hiyo ndugu yangu, hujakosea sana, ila sema "haina simetri ya kioo" na sio "haina simetri". Halafu kabla ya kuandika hata hilo, zungusha simu yako kwanza.