Mchawi Mwovu wa Magharibi alikufaje hasa?

Hadithi ya nchi ya Oz iliandikwa na L. Frank Baum wa Marekani mwaka 1900, lakini wengi tunaijua kupitia filamu ya mwaka 1939. Ndiyo maana kifo cha Mchawi Mwovu wa Magharibi husimuliwa kwa namna ambayo Baum hakuiandika kabisa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Dorothy, mtoto wa kike ambaye ndiye mhusika mkuu, alimlowesha mchawi kwa bahati mbaya, alipokuwa akimzimia moto rafiki yake, ile sanamu ya majani ya kutishia ndege. Hiyo ni filamu. Kitabuni sanamu haipo hata karibu: kima wenye mabawa walishaichambua majani yote, na mwenzao mwingine, Mkata Kuni wa Bati, wakambwaga miambani. Dorothy ni mtumwa wa jikoni kwa mchawi, anasugua vyungu na kuchochea moto. Mchawi anavitamani viatu vyake vya fedha, ila mtoto havivui isipokuwa usiku na wakati wa kuoga. Mchawi naye anaogopa giza, na maji anayaogopa zaidi. Basi anatega chuma sakafuni na kukifanya kisionekane. Dorothy anajikwaa, kiatu kimoja kinamtoka, mchawi anakinyakua. Mtoto anakidai, anachekwa na kuambiwa kwamba hata cha pili kitachukuliwa siku moja. Hapo hasira zinampanda, anachukua ndoo ya maji na kummwagia mwili mzima.

Kuua hakukusudia, kwa sababu hakujua maji yangemfanya nini. Kummwagia alikusudia. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na nasikitika filamu iliifuta. Dorothy wa Baum ameonewa na amekataa kuonewa, na watoto wanastahili kukutana naye. Mchawi akishayeyuka, Dorothy anamwaga ndoo nyingine, anafagia uchafu hadi nje, anakifuta kiatu na kukivaa, kisha anakimbia kumwambia Simba, mwenzake aliyetekwa pamoja naye, kwamba wako huru.

Wala hakutumwa kuleta ufagio wa mchawi, kama ilivyo katika filamu. Kitabuni Oz, yule mchawi mtawala anayeitwa kwa jina la nchi yenyewe, anaagiza waziwazi kwamba mchawi auawe, na Dorothy analia aliposikia hayo. Ngozi ya kijani nayo ni ya filamu, sawa na viatu vyekundu, rangi iliyopendeza zaidi katika Technicolor, mbinu ya kutengeneza filamu za rangi. Mchawi wa kitabuni ana jicho moja tu linaloona mbali, na mkononi hubeba mwavuli.

Wengine hudhani aliangushwa akiwa kileleni mwa nguvu zake. La. Mbwamwitu wake 40 na kunguru wake 40 walishakufa, nyuki pia. Kofia yake ya kichawi, Kofia ya Dhahabu, humruhusu mwenye nayo kuwaita kima wenye mabawa mara tatu tu, naye alishazimaliza: kuwatia utumwani Winkie, yaani wakazi wa Magharibi, kumfukuza Oz kutoka Magharibi, na kuwakamata Dorothy na wenzake. Kumpiga Dorothy hakuthubutu, kwa kuwa paji la uso wa mtoto lilikuwa na alama ya busu la mchawi mwema wa Kaskazini.

Vipi kuhusu madai kwamba hakufa, alijificha tu? Hayo yanatoka kwenye tamthilia ya muziki ya mwaka 2003, na jina Elphaba analoitwa mchawi huyo linatoka kwenye riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995. Baum hakumpa jina lolote. Aliandika vitabu 14 vya Oz, na hakumfufua.