Uchovu usioisha baada ya virusi: wanachosema watu na kilichokutwa kwenye tafiti

Mtu anaumwa Covid, au mafua makali, au homa ya virusi vya Epstein-Barr, homa inashuka, anaambiwa umepona, alafu miezi sita baadae bado ngazi zinamshinda na akisoma kurasa mbili kichwa kinagoma. Hapo ndo maneno yanapoanza. Mengi ya hayo maneno hayana miguu ukiyaweka kando ya tafiti, ila niseme mapema kwamba tafiti zenyewe nazo zina madhambi yake, na baadhi ya hizi dhana zilizaliwa hukohuko kwa watafiti, sio vijiweni.

"Si hata sisi tumechoka"

Sio uchovu huo. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia maelfu ya machapisho ikatoa vigezo vya ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaofupishwa ME/CFS: uchovu mpya, mzito, unaopunguza kabisa uwezo wa mtu kufanya mambo yake kwa zaidi ya miezi sita na haupungui sana kwa kupumzika, usingizi usioburudisha, na juu yake ama akili kuwa nzito ama hali kuwa mbaya ukisimama. Alafu kuna kile kigezo ambacho kwa maoni yangu ndo roho ya ugonjwa wenyewe, yaani kuzidiwa baada ya kujituma. Unafanya kitu kidogo leo, kuoga, kikao cha saa moja, na malipo yanakuja kesho au keshokutwa, siku kadhaa kitandani, saa ingine wiki. Mtu aliyechoka kawaida akilala anaamka ana nafuu. Huyu haamki hivo.

"Vipimo vyote viko sawa, kwa hiyo huumwi"

Hii inauma zaidi manake inatoka kwa watu wenye koti jeupe. Ukweli ni kwamba vipimo vya kawaida vya damu vinatafuta vitu vingine, upungufu wa damu, tezi, figo, kisukari, na vinatakiwa vifanyike kweli ili hivyo viondolewe kwenye orodha, lakini kutokukutwa na hivyo sio ushahidi kwamba mwili uko sawa. Mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha maabara cha ME/CFS wala cha Covid ya muda mrefu. Daktari anafikia jibu kwa kusikiliza na kuondoa mengine moja moja.

Sasa angalia kinachotokea watafiti wakipima kwa akili kidogo. Ukimpandisha mgonjwa kwenye baiskeli ya mazoezi siku moja tu, ukapima hewa anayovuta na kutoa, anaweza kuonekana kama mtu yeyote asiyefanya mazoezi. Wakamrudisha kesho yake, baiskeli ileile, na hapo mambo yakabadilika: watu wazima wa afya, hata wale wanaoshinda wamekaa, kwa kawaida wanarudia matokeo ya jana, ila katika tafiti kadhaa za ME/CFS wagonjwa walishuka, mwili ulifika kikomo mapema kwa kazi ndogo kuliko jana. Yaani ugonjwa ulikuwa unajificha kwenye siku ya pili na watu walikuwa wanapima siku ya kwanza tu.

Na Januari 2024 kikundi cha Amsterdam kikaingia ndani zaidi, wakachukua watu 25 wenye Covid ya muda mrefu na 21 waliopona Covid vizuri, wakawaendesha baiskeli kama dakika kumi na tano na kuwachukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada. Kwa wagonjwa mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zilikuwa zinafanya kazi vibaya zaidi baada ya zoezi, na kulikuwa na dalili za msuli kuumia. Ni watu wachache, sikatai, na kuumia msuli sio lazima iwe ndo chanzo cha yote. Lakini sio kitu cha kumwambia mtu "unajifikirisha tu".

"Ni mambo ya kichwani"

Hii ina historia na historia yenyewe inakera. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free ya London ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa ambao haukueleweka, karibu wafanyakazi 300 wakaugua, hospitali ikafungwa kwa muda. Miaka kumi na tano baadae, 1970, wataalamu wawili wa magonjwa ya akili wakaandika kwamba ile ilikuwa histeria ya kundi, na hoja yao mojawapo ni kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Hawakumpima mgonjwa hata mmoja, walipitia makaratasi tu. Na hayo maneno yakaishi miongo, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauweka ugonjwa huu kwenye kundi la magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969.

Jibu zuri zaidi kwa hii dhana naona lilitoka Australia. Watafiti wa eneo la mji wa Dubbo hawakusubiri watu wawe wagonjwa sugu ndo waanze kuwauliza maswali, waliwakamata mwanzoni kabisa, watu 253 waliougua vijidudu vitatu tofauti, virusi vya Epstein-Barr, virusi vya Ross River na homa ya Q ambayo hata sio virusi ni bakteria, wakawafuatilia. Baada ya miezi sita kama asilimia 12 walikuwa bado wako chini, na walikuwa wanafanana dalili bila kujali kijidudu gani kiliwaanza. Kilichotabiri nani atabaki chini ni ukali wa ugonjwa mwanzoni, sio tabia ya mtu wala historia yake ya magonjwa ya akili. Ilichapishwa 2006.

Sisemi sonona haiwapati hawa watu. Inawapata, na kukaa kitandani mwaka mzima huku hakuna anayekuamini kungemletea sonona yeyote. Ila hiyo ni kuumwa kwingine juu ya ugonjwa wa kwanza.

"Haya mambo yamekuja na Covid"

Hapana. Baada ya SARS ya 2003 watafiti wa Hong Kong waliwafuatilia walionusurika na zaidi ya miaka mitatu baadae zaidi ya robo walikuwa na sifa za uchovu sugu. Kule Liberia walionusurika Ebola walilinganishwa na watu wao wa karibu wasiougua, wakakutwa na uchovu zaidi, maumivu ya viungo, kichwa, kusahau na matatizo ya macho. Covid ilichofanya ni kuwaangusha wengi kwa wakati mmoja mpaka ikawa ngumu kuwanyamazisha. Hata jina la Covid ya muda mrefu walilianzisha wagonjwa wenyewe mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani likaja na maelezo rasmi Oktoba 2021.

"Aache uvivu, afanye mazoezi kidogokidogo ataimarika"

Hapa nitakaa kidogo manake hii ilikuwa ushauri rasmi kabisa, na imewaumiza watu.

Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza linaitwa PACE, watu 641, kubwa kuliko yote ya aina yake, likasema mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua na tiba ya mazungumzo vinasaidia. Mwaka 2013 wakaongeza kwamba asilimia 22 ya waliopewa tiba hizo wamepona. Vyombo vya habari vikashangilia. Wagonjwa wakaanza kusoma ile ripoti mstari kwa mstari (mtu yuko kitandani, hana pa kwenda, atasoma) na wakakuta jambo la ajabu: kuna dodoso la uwezo wa mwili linaloanzia 0 mpaka 100, ili uingie kwenye jaribio kama mgonjwa ulitakiwa uwe na 65 au chini, na kwa kipengele hicho ukihesabiwa umepona ulitakiwa uwe na 60 au zaidi. Soma tena. Mtu angeweza kuingia na 65, akashuka mpaka 60, na kwa kipimo hicho akaitwa amepona. Mpango wao wa mwanzo ulikuwa unataka 85, waliubadilisha njiani.

Ikabidi mgonjwa mmoja aombe data kisheria, chuo kikuu cha watafiti hao kikagoma, baraza la rufaa likaamua zitolewe, zikatoka 2016. Zilipopigwa upya kwa vigezo vya mwanzo, waliopona wakashuka kuwa asilimia 7 kwa mazungumzo, 4 kwa mazoezi, na 3 kwa wale waliopata huduma ya kawaida tu, tofauti ambayo kitakwimu haishiki. Watafiti wa PACE wanasimamia kazi yao mpaka leo na wapo madaktari wanaowaunga mkono, hilo nalo ni kweli. Lakini NICE, chombo kinachotoa miongozo ya tiba Uingereza, ambacho mwaka 2007 kilipendekeza hayo mazoezi, Oktoba 2021 kiliyaondoa, kikasema wagonjwa wa ME/CFS wasipewe programu ya kuongeza mazoezi kwa viwango vilivyopangwa. Kinachoshauriwa ni kujipimia, mtu ajue kikomo chake na akae ndani yake.

Na tusichanganye, kuna watu wamechoka baada ya Covid ila hawana lile la kuzidiwa baadae, hao kujinyoosha taratibu kunaweza kuwafaa. Ndo maana swali la kwanza linatakiwa liwe "ukijituma leo, kesho inakuwaje?", kabla ya kumwandikia mtu chochote.

"Nimesikia wamepata dawa"

Kila miaka michache inasikika. Oktoba 2009 jarida la Science lilitoa habari kwamba kirusi kinaitwa XMRV kimekutwa kwa asilimia 67 ya wagonjwa na chini ya 4 kwa wazima. Watu wakalipia vipimo, wengine wakaanza kumeza dawa za kufubaza virusi. Maabara nyingine zikatafuta hazikuona kitu, ikaja kujulikana ni uchafuzi wa sampuli, kirusi chenyewe kilizaliwa maabara kwenye panya, na Desemba 2011 makala ikafutwa.

Rituksimabu ndo inafundisha zaidi. Ni dawa ya saratani ya mfumo wa limfu (limfoma), madaktari wa Bergen, Norway, wakaona inaweza kusaidia uchovu sugu, wakajaribu kwa watu 30, 2011 matokeo yakatoka: 10 kati ya 15 waliopewa dawa walipata nafuu, waliopewa plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu, ni 2 kati ya 15. Ungekuwa mgonjwa ungeuza shamba. Wakafanya tena kwa watu 151 na miaka miwili ya kufuatilia, wakachapisha 2019, na safari hii waliopata nafuu kwa dawa ni asilimia 26, kwa plasebo 35. Watafiti walewale walioianzisha ndo walioizika, wakaitangaza wazi, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko wangegundua dawa ya uongo. Paxlovid nayo ilijaribiwa Stanford kwa Covid ya muda mrefu, siku 15, watu 155, haikuishinda plasebo.

Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari, uliza walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na mgonjwa alijua kapewa nini au hakujua.

"Watafiti wanawajua hawa wagonjwa wote"

Hii haisemwi sana ila wengi tunaiamini bila kujua. Angalau robo ya wenye ME/CFS wanafika wakati hawatoki nyumbani au kitandani, na jaribio la kuhudhuria kliniki haliwezi kumpata mtu asiyeweza kukaa kwenye gari. Tafiti nyingi zimepima wenye nafuu, alafu ushauri ukapewa wote.

Mradi wa DecodeME wa Uingereza ulifanya tofauti, ulimtumia mtu kichupa kwa posta, anatema mate, anarudisha. Agosti 2025 wakatoa matokeo ya awali ya watu 15,579 wenye ME/CFS dhidi ya karibu 260,000 wasio nao, wakaona sehemu nane za vinasaba zenye tofauti, baadhi zikigusa kinga ya mwili na mfumo wa neva. Hazitoshi kuwa kipimo na hakuna mahali waliposema ukiwa nazo lazima uugue, na waliochambuliwa walikuwa wa asili ya Ulaya tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia bado haijatema kwenye hicho kichupa.