Tiba ya Mazungumzo Inavyousaidia Mwili

Wengi wanaofika kwa mtaalamu wa saikolojia hawaji kulalamikia mawazo. Wanakuja na moyo unaodunda, tumbo linalosokota, shingo iliyokaza, au usingizi uliopotea miezi kadhaa, na vipimo vya hospitali havionyeshi kitu. Maumivu hayo si ya kujitungia. Hofu au msongo wa mawazo ukidumu, mwili haushushi tahadhari: adrenalini na kortisoli, yaani homoni za msongo, huendelea kumwagika kwenye damu, misuli hukaza, mapigo ya moyo huenda mbio na usagaji wa chakula huvurugika.

Vipimo vya hospitali, hata hivyo, ndivyo vinavyotangulia. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta wasiwasi na mapigo ya haraka. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu.

Usingizi ndio mahali ambapo kazi ya tiba ya mazungumzo huonekana wazi zaidi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanze na tiba ya fikra na tabia, aina ya tiba ya mazungumzo inayobadilisha mawazo na mazoea, kabla ya vidonge. Mgonjwa hujaza daftari la usingizi kwa wiki moja au mbili. Tuseme anapanda kitandani saa 3 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, lakini usingizi wenyewe ni wa muda wa saa 6 tu. Saa 3 zinazobaki ni za kugaragara, na kitanda kinageuka mahali pa kuwazia. Kwa hiyo anaambiwa apande kitandani saa 6 usiku na aamke saa 12 ileile, hata siku za mapumziko. Akikaa macho kama dakika 20 anainuka, anafanya jambo tulivu kwenye mwanga hafifu, na kurudi usingizi ukimjia. Muda anaolala ukifikia asilimia 85 ya muda wa kitandani, anaongezewa dakika 15.

Wiki mbili za kwanza ni ngumu kweli. Uchovu huzidi, na hapo ndipo wengi huacha wakidai tiba imeshindwa, ilhali uchovu huo ndio unaojenga usingizi mzito. Kwa sababu hiyohiyo, njia hii haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kupata vipindi vya wazimu wa furaha (msisimko uliopita kiasi) bila usimamizi wa karibu, na madereva wanahitaji tahadhari.

Hofu ya ghafla nayo ina mzunguko wake. Moyo unadunda, mtu anadhani anakufa, dhana hiyo inamwaga adrenalini zaidi, moyo unazidi. Kwa kawaida shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha hushuka lenyewe, ila mgonjwa huwa ameshakimbia, na ubongo wake umejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Katika tiba, dalili huamshwa makusudi ili ubongo ujifunze kwamba hushuka zenyewe bila kukimbia: kupanda ngazi upesi, kuzunguka kwenye kiti, kupumua kwa mrija mwembamba kwa dakika moja. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au ujauzito aulize daktari kwanza. Kosa la kawaida hapa ni kubeba kinga za siri, mfano kidonge mfukoni au simu mkononi. Zoezi likiisha salama, sifa zote zinakwenda kwa kidonge.

Kikao kimoja huchukua dakika 45 hadi 60, mara nyingi kila wiki. Kwa usingizi vikao 4 hadi 8 hutosha. Kwa sonona au wasiwasi mara nyingi ni 12 hadi 20. Kati ya kikao na kikao kuna mazoezi ya nyumbani, na asiyeyafanya hupona polepole hata akipata mtaalamu hodari. Mtaalamu anayesikiliza tu, hana lengo mliloliandika pamoja wala kipimo, muulize anafuata njia gani. Kwa sonona kuna dodoso la maswali 9 lenye alama 0 hadi 27, na 10 kwenda juu huhitaji uchunguzi zaidi. Alama zisiposhuka baada ya vikao 6 hivi, mpango ubadilishwe au dawa ziongezwe. Anayetumia dawa tayari asiziache ghafla kwa kuwa ameanza vikao. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri miadi: aende leo kwenye huduma ya dharura, na asiachwe peke yake.