Kabla hujamwambia kuwa kachaguliwa vipaji maalum

Majina ya kidato cha kwanza yakitoka, wazazi wengi huku Mbeya hukimbilia simu. Shangazi yuko Tukuyu, anajua. Mjomba wa Makambako anajua. Mtoto mwenyewe huambiwa mwisho, tena kwa mkato: "Umepangiwa Mzumbe, hongera, usituangushe."

Mimi ni mshauri wa watoto na wazazi, na ningependa mazungumzo haya yaanze kwa swali. Muulize anajua nini kuhusu shule za vipaji maalum, yaani zile za Serikali zinazochukua waliofaulu zaidi mtihani wa darasa la saba, na nini kinamtia wasiwasi. Mara nyingi si fizikia. Ni choo cha usiku, ni nani atamfulia shuka, ni kama mpira upo.

Kisha mpe ukweli wa mambo. Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora Wavulana, na kwa wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana, ni shule za bweni za Serikali zinazopokea watoto kutoka mikoa mbalimbali. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoko Nyanda za Juu Kusini. Kwa mtoto wa Uyole, hapa Mbeya, kwenda Mzumbe au Kilakala, Morogoro, maana yake ni kuteremka mlima Kitonga, kupita Mikumi na kushuka kwenye joto. Sweta atalikumbuka likizo.

Jambo ambalo wazazi hulikwepa ni nafasi darasani. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza tangu darasa la pili anakwenda kukaa na wenzake ambao nao walikuwa wa kwanza makwao. Miaka ya 1980 mtafiti Herbert Marsh alieleza jinsi mwanafunzi mwenye uwezo uleule anavyojiona dhaifu akiwekwa kati ya wenye uwezo mkubwa, kama samaki mkubwa aliyehamishwa kutoka bwawa dogo. Kwa hiyo mwambie mapema: "Unaweza kuwa wa arobaini kule, na akili yako itakuwa ileile." Ukingoja mpaka matokeo ya muhula wa kwanza, maneno hayohayo atayasikia kama pole.

Na sifa zenu zipunguzeni makali. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa akili, wakishakutana na maswali magumu, walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa bidii. "Una kichwa wewe" hukaa mdomoni kirahisi, najua. Afadhali umkumbushe alivyong'ang'ania lile swali la sehemu mpaka likakubali.

Akisema hataki kwenda, usimjibu siku hiyo. Mrudie mkiwa mnachambua maharage au mnatoka shamba. Watoto wengi husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Anayehofia ugeni kwa kawaida hulainika akizungumza na mwanafunzi aliyeko huko. Anayeendelea kukataa kwa sababu anazoweza kuzieleza, mimi nisingemlazimisha, ingawa babu zake hawatanielewa. Ulizeni ofisi ya elimu utaratibu wa kubadilisha shule kabla ya Januari, na yeye awepo mnapouliza.